Kutoka Kilwa hadi Salalah: Masafa ya Anga na Muda wa Safari

Masafa kati ya viwanja viwili vya ndege ni kipimo kimoja, na muda unaotumika kusafiri kati ya viwanja hivyo ni kipimo kingine, na makosa mengi ya kupanga safari, kupanga nauli na hata kupanga maendeleo ya mkoa mzima hutokana na kuvichukua vipimo hivi viwili kana kwamba ni kitu kimoja. Masafa hayabadiliki, kwa kuwa ardhi haisogei kwa namna inayoweza kumhusu msafiri. Muda hubadilika kwa upepo, kwa chombo, kwa ratiba, kwa mvua na kwa uamuzi wa watu wanaokaa mbali sana na abiria mwenyewe. Mazungumzo haya yanalitazama jambo hilo kwa kutumia viwanja viwili ambavyo ni nadra kutajwa pamoja, yaani uwanja wa Kilwa Masoko katika mkoa wa Lindi, na uwanja wa Salalah katika jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman. Viwanja hivyo havikuokotwa ovyo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Moroko, alipanda chombo Kilwa na kuteremka Dhofar, na wafanyabiashara wengi waliokwisha kusahauliwa majina walipita njia hiyohiyo kabla yake na baada yake, kwa hiyo hesabu za anga zinazofuata zinaweza kupimwa dhidi ya safari iliyosafiriwa kweli na watu wa mwambao huu.

Inafaa kuanza na masafa, kwa sababu ndiyo sehemu iliyo nyepesi. Dunia ni tufe, na njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya tufe si mstari ulionyooka kwenye ramani ya karatasi, bali ni kipande cha kile ambacho wanahisabati hukiita duara kuu, yaani duara linaloikata dunia katika nusu mbili zilizo sawa, kama ikweta inavyoikata. Anayetaka kuliona duara hilo kwa macho anaweza kuchukua tufe la darasani, akashika uzi kwa ncha zake mbili, akaweka ncha moja Kilwa na nyingine Salalah, kisha akauvuta mpaka ukaze. Mahali uzi unapopita ndipo inapopita njia fupi. Anayetaka kulihesabu huhitaji latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta ukipimwa kwa nyuzi za pembe, na longitudo, yaani umbali wa mahali kutoka mstari wa Greenwich ukipimwa vivyo hivyo. Kilwa Masoko iko karibu na nyuzi 8.9 kusini na nyuzi 39.5 mashariki, na Salalah iko karibu na nyuzi 17.0 kaskazini na nyuzi 54.1 mashariki. Kwa hesabu ya pembetatu za tufe, pembe inayofanyika kwenye kitovu cha dunia kati ya mahali hapo pawili ni takriban nyuzi 29.7, na kwa kuwa kila uzi mmoja juu ya uso wa dunia una urefu wa karibu kilomita 111.2, masafa yanatoka kuwa takriban kilomita 3,300. Marubani hupenda kuhesabu kwa maili za bahari, ambazo kila moja ina mita 1,852 na ambazo chimbuko lake ni sehemu moja ya sitini ya uzi mmoja wa latitudo, na kwa kipimo hicho masafa hayo ni karibu maili 1,780.

Kwa masafa mafupi ya mwambao, hesabu ni rahisi zaidi. Dar es Salaam na Kilwa Masoko ziko karibu kwenye longitudo moja, tofauti yao kubwa ikiwa ni latitudo ya nyuzi mbili na kidogo, kwa hiyo mtu yeyote anayejua kuzidisha anaweza kupata kwa kalamu na karatasi jibu lililo karibu na ukweli: ni kilomita 229 hivi angani. Dar es Salaam na Mtwara ni karibu kilomita 400. Ni kweli kwamba dunia si tufe kamili, kwa sababu imebonyea kidogo kwenye ncha zake hata kipenyo chake cha ikweta kinazidi kile cha ncha kwa ncha kwa kilomita 43 hivi, lakini kasoro hiyo huongeza au kupunguza masafa kwa chini ya sehemu moja ya mia, na hakuna abiria aliyewahi kuchelewa kwa sababu yake.

Sehemu ngumu ni muda, na katika jambo hilo watu wa kale wa mwambao walikuwa na busara ambayo kizazi cha leo kimeanza kuipoteza, kwani wao hawakuutenga umbali na mwendo. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, mahali palipo karibu na Ras al-Khaimah ya leo, aliandika kwa mashairi maelekezo ya njia za bahari, na mojawapo ya tungo zake, iitwayo al-Sufaliyya, huelekeza safari za pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala. Marubani wa aina yake walipima latitudo kwa vidole, yaani kwa kuangalia nyota iko juu ya upeo wa bahari kwa upana wa vidole vingapi, kidole kimoja kikiwa sawa na uzi mmoja na dakika 36 hivi. Nyota ya Kaskazini, ambayo ndiyo kipimo chepesi kuliko vyote, huzama chini ya upeo kabla chombo hakijafika Kilwa, kwa hiyo kusini mwa ikweta marubani hao walilazimika kutumia nyota nyingine, kama zile mbili zinazoitwa Farqadani na zile za kundi la Dubu Mkubwa, jambo lililohitaji elimu kubwa zaidi na kumbukumbu iliyofunzwa kwa miaka. Umbali wa njia waliutaja kwa zamu, na zamu moja ilikuwa mwendo wa saa tatu wa chombo chenye upepo mzuri, hivyo kwamba usiku na mchana vilikuwa na zamu nane. Rubani aliyeambiwa kwamba bandari fulani iko zamu kadhaa mbele yake alikuwa ameambiwa masafa na muda kwa neno moja, na alikuwa ameonywa pia kwamba upepo ukibadilika, hesabu hiyo itabadilika.

Ibn Battuta naye aliandika kwa mtindo huo. Alipokuwa Kilwa, wakati wa utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa sababu ya ukarimu wake, alielezwa na mfanyabiashara mmoja kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba mji wa Yufi, ambako dhahabu ilitoka, uko mwendo wa mwezi mzima kutoka Sofala. Maelezo hayo yanaweza kupimwa leo. Mstari wa anga kutoka Kilwa hadi Sofala ni karibu kilomita 1,350, lakini mstari huo hukata nchi kavu ya kaskazini mwa Msumbiji, na chombo hulazimika kuzunguka Rasi ya Delgado na kupita kisiwa cha Msumbiji kabla ya kugeukia kusini magharibi, kwa hiyo njia halisi ya bahari huzidi kilomita 1,500. Ikigawanywa kwa siku 15, inapatikana kilomita 100 na kidogo kwa siku, mwendo ambao kwa mtepe au jahazi la pwani linalotia nanga usiku unaaminika kabisa. Mfanyabiashara yule alisema kweli, na hakuhitaji ramani wala kipimo cha kilomita ili aseme kweli.

Hata hivyo mwendo wa chombo baharini ulikuwa sehemu ndogo ya safari ya kutoka Kilwa hadi Arabuni. Jahazi linalokwenda maili 100 za bahari kwa siku lingemaliza kilomita 3,300 za kufika Dhofar kwa siku 18, na lenye upepo mwema lingeweza kumaliza mapema zaidi. Kilichokula miezi kilikuwa kusubiri. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi, unaoanza Aprili na kuendelea hadi Septemba, huvirudisha. Kati yake kuna maleleji, majira ambayo pepo hubadilika na nahodha hana uhakika wa lolote, na katikati ya kusi, mwezi wa Juni na Julai, bahari ya Arabuni huchafuka kiasi kwamba bandari nyingi za upande ule zilifungwa na manahodha wakangoja demani, yaani mwisho wa kusi unapolegea. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa upande wa kusini ambao chombo kutoka Arabuni au Gujarati kingeweza kuufikia na bado kikapata upepo wa kurudi katika msimu uleule. Aliyejaribu kwenda mbali zaidi alijihatarisha kukaa mwaka mzima. Ndiyo maana dhahabu ya Sofala ilisafirishwa na vyombo vya pwani hadi Kilwa na kuhifadhiwa hapo, na ndiyo maana Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ambayo haikuchimbwa katika ardhi yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa, ambayo pamoja na magofu ya Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, ni majengo yaliyolipiwa na nafasi ya mji huu katika kalenda ya pepo, kwa kiasi kilekile yalivyolipiwa na dhahabu.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa masafa kubaki vilevile na muda kubadilika umo katika safari ya Vasco da Gama. Mwaka 1498 merikebu zake, zikiongozwa na rubani aliyempata Malindi na zikisukumwa na kusi kwa wakati wake, zilivuka bahari hadi pwani ya Calicut kwa siku 23. Da Gama aliondoka India mwanzoni mwa Oktoba bila kusubiri kaskazi, na kuvuka bahari ileile kurudi Afrika kulimchukua karibu miezi mitatu, hata akaiona Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499 akiwa amepoteza mabaharia wengi kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa matunda na mboga mbichi. Bahari haikuwa imepanuka. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza alifuata elimu ya watu waliozijua pepo, na mara ya pili aliipuuza, na waliolipa gharama ya tofauti hiyo ni wale waliozikwa baharini. Inastahili kukumbukwa pia kwamba baada ya miaka michache, mwaka 1505, Wareno haohao waliishambulia na kuipora Kilwa, kisha wakajenga ngome ambayo mabaki yake, yaliyojengewa upya baadaye, yanaitwa Gereza.

Ndege ya leo inaonekana kuwa imeushinda upepo, lakini haijaushinda kabisa. Ndege kubwa ya abiria hukata anga kwa kasi ya karibu kilomita 850 kwa saa ikilinganishwa na hewa inayoizunguka, na hewa hiyo yenyewe husafiri. Katika latitudo za kati za dunia kuna mikondo ya hewa ya kasi, yaani mito ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa urefu wa kilomita kumi hivi juu ya ardhi, na kwa sababu yake safari ya kutoka New York hadi London, yenye kilomita 5,550, humalizika kwa karibu saa saba ilhali ile ya kutoka London hadi New York hukaribia saa nane. Karibu na ikweta pepo hizo za juu ni dhaifu zaidi, hivyo kwamba anayeruka kutoka Dar es Salaam haoni tofauti kubwa kati ya kwenda na kurudi. Jambo jingine linalopaswa kueleweka ni kwamba muda unaoandikwa kwenye tiketi hauhesabiwi kuanzia magurudumu yanapoiacha ardhi, bali tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya uwanja mmoja mpaka inaposimama kwenye maegesho ya uwanja mwingine, na ndani yake mna mwendo wa polepole ardhini, kupanda, kushuka na kuzunguka kufuata njia za anga zilizopangwa. Kwa kawaida mambo hayo huongeza nusu saa au zaidi. Kama ingekuwapo ndege kubwa ya moja kwa moja kutoka Kilwa hadi Salalah, basi ingehitaji saa nne na nusu hivi.

Ndege hiyo haipo. Uwanja wa Kilwa Masoko umezoea ndege ndogo, na msafiri wa leo anayetaka kufika Salalah hufuata njia iliyovunjika vipande vitatu. Kwanza huenda Dar es Salaam, ambayo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300 na kwa basi ni saa tano au sita mambo yakienda vizuri. Kisha huruka hadi Maskati, kilomita 3,970 hivi, kwa takriban saa tano na nusu, kwa kuwa Shirika la Oman Air limekuwa likiiunganisha Maskati na Dar es Salaam na Zanzibar. Mwisho hurudi kusini magharibi kutoka Maskati hadi Salalah, karibu kilomita 850, kwa muda wa saa moja na nusu au zaidi kidogo. Jumla ya masafa ya vipande hivyo hupita kilomita 5,000, yaani mara moja na nusu ya mstari wa anga, na msafiri anapapita mahali anapokwenda kisha anaparudia. Akijumlisha saa tatu za kufika uwanjani mapema kama anavyotakiwa, na saa kadhaa za kungoja ndege ya pili Maskati, safari yake hukaribia saa 20, na katika saa hizo ni saba tu anazokuwa angani. Zilizobaki ni za basi, foleni na viti vya kusubiria. Kwa upande huu, abiria wa leo na yule wa mwaka 1331 wanafanana zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa wote wawili wametumia sehemu kubwa ya safari yao wakiwa hawasogei.

Saa za ukutani nazo huongeza utata. Oman iko saa moja mbele ya Tanzania, kwa hiyo safari ya saa tano na nusu kwenda Maskati huonekana kwenye tiketi kana kwamba ni ya saa sita na nusu, na ile ya kurudi huonekana kana kwamba ni ya saa nne na nusu. Zaidi ya hapo, tiketi huandikwa kwa saa zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, ilhali mwenyeji wa Kilwa huhesabu saa kuanzia alfajiri na magharibi. Ndege iliyoandikiwa saa 17:00 huondoka saa kumi na moja jioni, na ile ya saa 02:00 huondoka saa nane usiku wa kuamkia tarehe iliyoandikwa, si usiku unaofuata tarehe hiyo. Hitilafu hii ya mwisho, ya kukosea siku nzima, ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi na wanaosafiri kwa mara ya kwanza.

Lakini katika mkoa wa Lindi, kipande kilichoamua muda wa safari kwa miaka mingi hakikuwa cha bahari wala cha anga, bali cha nchi kavu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi, kazi iliyofanywa na mamia ya wenyeji chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kuchimbua na kutunza mifupa ulitegemewa na wataalamu wenyewe. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ilikuwa mwendo wa siku nne hivi, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani. Mstari wa anga kutoka Lindi hadi Berlin ni takriban kilomita 7,360. Kwa hiyo masafa yaliyokuwa chini ya sehemu moja ya mia ya njia hiyo yalikula siku nne za jasho kwa kila mzigo, na gharama halisi ya umbali ililipwa hapo, kwa shingo za watu, kabla meli haijang'oa nanga. Mifupa hiyo iko Berlin hadi leo, na mmoja wa mijusi hao, mwenye urefu wa kwenda juu wa karibu mita 13, alisimamishwa katika ukumbi wa makumbusho hayo mwaka 1937.

Mto Rufiji nao ulikuwa mpaka wa muda kwa vizazi vingi. Kabla ya mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu kilomita moja, magari ya kwenda kusini yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika mto ulipofurika na barabara ya udongo ilipogeuka tope, abiria wa Kilwa, Lindi na Mtwara walijikuta wakingoja siku nyingi ng'ambo ya mto. Katika miaka hiyo usafiri wa anga haukuwa anasa kwa mikoa ya kusini. East African Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, liliunganisha miji ya kusini na Dar es Salaam kwa ndege zake za injini za panka, na kwa mgonjwa, mwalimu au ofisa aliyekuwa na kazi ya haraka, ndege hizo zilikuwa njia pekee ya uhakika wakati wa mvua. Daraja na lami vimebadili mambo kwa kiasi kikubwa, na ni haki kuvisifu. Hata hivyo mwezi wa Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika maeneo ya wilaya ya Kilwa, ikiwemo Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mkoa wenye njia moja tu ya kutokea una muda wa safari usiotabirika hata kama njia yenyewe ni nzuri.

Hapa ndipo hesabu ya muda inapogeuka kuwa hoja ya maendeleo. Ndege ndogo yenye kasi ya kilomita 300 kwa saa hutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam kwa dakika 46 za angani, ilhali basi hutumia saa tano au sita, na kwa kulinganisha namba hizo mbili mtu huharakisha kusema kwamba ndege ni bora. Namba ya tatu haisemwi. Wataalamu wa usafiri hufundisha kwamba mtu anayehitaji kusafiri kwa wakati wowote, bila kuchagua siku, husubiri kwa wastani nusu ya pengo lililopo kati ya chombo kimoja na kingine. Mabasi yakiondoka mara moja kila siku, wastani huo ni saa 12. Ndege ikija mara mbili kwa juma, pengo lake ni saa 84 na wastani wa kusubiri ni saa 42, kwa hiyo ndege inayoruka kwa dakika 46 imeshindwa na basi la saa sita kwa zaidi ya siku nzima. Mtalii aliyepanga likizo yake miezi mitatu kabla hajali jambo hilo, kwani yeye huichagua siku. Mama mjamzito aliyepata matatizo, mfanyabiashara wa pweza na kamba ambao hawawezi kungoja bila barafu, na mwanafunzi aliyeitwa kwenye usaili keshokutwa, hawana siku ya kuchagua, na hao ndio wanaopaswa kupimiwa ubora wa uwanja.

Kwa kipimo hicho, Mtwara imetangulia, kwa kuwa Air Tanzania huiunganisha na Dar es Salaam kwa ndege za Dash 8 zenye viti 76, na safari ya kilomita 400 humalizika kwa karibu saa moja. Kilwa na Lindi ziko nyuma, na si kwa sababu ya masafa, kwa kuwa Kilwa iko karibu na Dar es Salaam kuliko Mtwara. Uwanja wa Lindi uko Kikwetu, kaskazini mwa mji na mbali na mitaa yake, na abiria wake hulazimika kuongeza gari la kumfikisha huko. Ule wa Kilwa Masoko uko karibu na makazi ya watu, na kwa jambo hili Kilwa ina faida ambayo miji mikubwa mingi imeikosa. Faida hiyo haitazaa kitu kama uwanja utapimwa kwa urefu wa njia yake ya kurukia peke yake. Njia ndefu inayotumika mara chache humhudumia abiria vibaya kuliko njia fupi inayotumika kila siku kwa saa ileile, na ndege inayofika Dar es Salaam baada ya ile ya Maskati, ya Nairobi au ya Mwanza kuondoka imempunguzia abiria saa tano za barabara na kumwongezea usiku mmoja wa kulala mjini kwa gharama yake.

Kwa hiyo wanaopanga ratiba za anga za kusini wanaombwa wafanye kile ambacho manahodha wa Kilwa walikifanya kwa lazima, yaani kuanza na wakati wa kuunganisha, kisha ndipo wachague chombo. Ndege ya viti 12 inayoondoka Kilwa kila asubuhi, ikapitia kisiwa cha Songo Songo au cha Mafia, ikafika Dar es Salaam kabla ya saa tano ili abiria aweze kuunganisha safari za mchana na za jioni, ingeifupisha njia ya Salalah, ya London na ya Mwanza kwa pamoja, bila kuongeza hata kilomita moja ya kasi. Halmashauri za Kilwa na Lindi, kwa upande wao, zinaweza kudai kwamba kila taarifa ya uwanja iseme idadi ya safari kwa juma na muda wa kuunganisha, badala ya kutaja urefu wa lami na idadi ya viti pekee. Na msikilizaji anayejiandaa kwa safari ya mbali anashauriwa aanze kuhesabu muda wake mlangoni kwake, si uwanjani, asome tarehe na saa ya tiketi yake mara mbili, na katika miezi ya masika aache siku moja nzima ya akiba kati ya barabara ya Somanga na ndege yake.